Kabureta Inamwaga? Anza Kwenye Tangi

Milima ya Uluguru bado inatunza magari ambayo mjini yamekwisha kusahaulika. Ukipanda kutoka Mlali kwenda Langali na Nyandira, au ukishika njia ya Bigwa kuelekea Kinole na Matombo, hukosi kuona nyuma ya nyumba Land Rover 109 iliyofunikwa turubai, Land Cruiser ya miaka ya 1970, au Peugeot 504 pikapu ambayo mwenyewe alishafariki na watoto wako Dar es Salaam. Siku moja mmoja wa watoto anarudi, anakagua bodi anaona bado nzima, ananunua betri mpya, anatia lita tano za petroli na kupiga stata. Gari linawaka. Haipiti muda, banda zima linanuka petroli na chini ya kabureta kuna tone.

Nawaandikia huyo mtoto na fundi atakayemwita. Kabureta iliyoanza kumwaga baada ya gari kulala miaka kadhaa mara nyingi haijafa. Imekauka, na imeletewa uchafu kutoka kwenye tangi. Anayekimbilia kununua kabureta nyingine atafurahi wiki moja, kisha kutu ileile iliyoiziba ya kwanza itaifuata na ya pili. Kwa hiyo ukisikia kabureta inamwaga, anza kazi upande wa pili wa gari, kwenye tangi.

Ila kabla ya tangi kuna usalama, na hapo sitapita haraka. Watu wa Morogoro hawahitaji kufundishwa petroli ni nini. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na waliopoteza maisha walipita 100. Taifa liliomboleza siku tatu. Kilichomo kwenye kabureta ni kidogo sana ukilinganisha na lori, lakini mvuke ni uleule. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Kihonda mwezi wa pili. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unatambaa sakafuni, unaingia kwenye shimo la gereji na kukaa humo. Gari litolewe nje, hata kwa kusukumwa. Waya hasi wa betri ufunguliwe mapema, kabla ya mpira wowote wa mafuta kuguswa, kwa sababu kufungua betri penye petroli iliyomwagika nako kunaweza kutoa cheche. Jiko la mkaa la jirani lisogezwe, sigara isiwepo, na ndoo ya mchanga mkavu au mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe ndani ya hatua mbili. Maji hayafai: petroli huelea juu yake na moto husafiri nayo.

Jambo jingine linalofanya nisiwe na subira na wanaosema "inadondosha kidogo tu, twende hivyohivyo mpaka mjini" ni umbo la injini zenyewe. Kwenye Land Rover ya petroli ya lita 2.25, kwenye Land Cruiser yenye injini ya 2F, na hata kwenye Corolla za zamani za injini ya 4K, kabureta na eksozi ziko upande mmoja wa injini, na eksozi iko chini. Tone linaloachiwa na kabureta linaangukia mahali penye moto kuliko pote.

Sasa chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Ukisikia petroli, au ukikuta oili imepanda kupita alama ya juu wakati hakuna aliyeongeza, usiwashe tena injini. Petroli imeshuka ndani, ama kutoka kwenye kabureta iliyofurika, ama kupitia kiwambo kilichochanika cha pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini. Oili ya namna hiyo haina nguvu ya kulinda beringi. Imwagwe, itiwe mpya, baada ya chanzo kupatikana. Na kama stata iligonga mara moja ikagoma kuzunguka, usiilazimishe. Silinda inaweza kuwa imejaa petroli, na kimiminika hakibanwi. Fungua plagi zote, zungusha injini kwa mkono hadi petroli itoke.

Kwenye tangi, kinachotokea hutegemea gari lililala upande gani wa mlima. Miteremko ya mashariki, Kinole na Matombo, hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi moja kwa moja na mvua zake ni nyingi kuliko upande wa Mgeta, kwenye Langali na Nyandira. Tangi lililoachwa nusu hupumua: mchana hewa inatanuka na kutoka, usiku inarudi na unyevunyevu, maji yanagandamana kwenye bati la juu na kudondokea chini ya petroli. Hapo kutu inaanza. Magari yaliyolala upande huo niliyowahi kuona yakifunguliwa yalitoa maji ya rangi ya chai, na chini yake unga wa kutu laini kama poda. Upande mkavu zaidi, tatizo huwa petroli yenyewe. Sehemu nyepesi huruka, inayobaki inakuwa nzito, inanuka vanishi, na mwisho huacha gundi ya kahawia inayoshika kila kilichokuwa ndani yake.

Chukua petroli ya chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, iache itulie, uitazame kwenye mwanga. Maji yatajitenga chini, kutu itaonekana. Tafadhali usifyonze kwa mdomo. Najua mafundi wengi wamefanya hivyo maisha yao yote, lakini tone moja la petroli likiteleza kwenye njia ya hewa linaunguza mapafu, na hospitali iko mbali na Nyandira. Tangi la gari la zamani huwa na nati ya kumwagia chini. Kama haipo, pampu ya mkono ya bei ndogo inatosha.

Tangi chafu lishushwe. Tia kokoto safi au mnyororo mfupi pamoja na petroli kidogo, tikisa, mwaga, rudia hadi kinachotoka kiwe safi, kisha likaushe kwa upepo. Likiwa limetoboka, usilipeleke kuchomelewa kana kwamba ni ndoo. Tangi tupu lina mvuke uliobaki kwenye mikunjo, na huo ndio unaolipuka usoni kwa mchomeleaji. Kazi hiyo ni ya mtu anayejua kulitoa mvuke kabla ya moto kukaribia. Ukiwa njiani na tundu ni dogo, kipande cha sabuni ya mche kilichosuguliwa kwa nguvu kwenye tundu kitazuia petroli kwa muda, kwani petroli haiyeyushi sabuni. Itakufikisha mjini. Isikae mwezi.

Tazama pia tundu la kupumulia la tangi, liwe kwenye mfuniko au kwenye kibomba chake. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana matundu ya ukubwa huo. Tundu likizibwa, gari likikaa juani tangi linapata shinikizo, na shinikizo hilo linasukuma petroli hadi kabureta hata injini ikiwa imezimwa. Fundi anaweza kubadilisha sindano mara nne bila kupona kwa gari, kumbe mgonjwa ni mfuniko. Kisha pitia mipira yote kwa vidole, si kwa macho. Iliyokauka inapasuka ukiikunja. Iliyotafunwa na panya utaijua. Nunua mpira wa mafuta halisi. Ule mweupe wa maji ya kioo unakuwa mgumu kama kijiti baada ya muda mfupi, na vipande vya tyubu ya baiskeli vinavyofungwa penye mvujo vinavimba na kulainika. Weka chujio jipya la plastiki angavu kabla ya pampu, ili uone kwa macho yako tangi linaleta nini.

Baada ya hapo ndipo ufike kwenye kabureta. Ndani yake kuna bakuli dogo la petroli na boya, linalofanya kazi kama lile la tangi la choo: petroli ikipanda, boya linapanda na kusukuma sindano ifunge mlango. Gari likikaa, gundi ya petroli inaishika sindano ikiwa wazi, au punje ya kutu inakaa mlangoni, na petroli inaendelea kuingia hadi ifurike. Lakini si kila tone ni la boya, na kufungua kabureta kabla ya kujua tone linatoka wapi ni kujitafutia kazi mbili.

Njia ninayoiamini ni ya chaki. Kausha kabureta yote kwa kitambaa, iache dakika chache, kisha ipake chaki ya shule iliyosagwa kwenye maungio yote. Jaza petroli taratibu na utazame. Chaki iliyoguswa na petroli inabadilika rangi papo hapo, na unauona mstari wa kwanza kabla petroli haijatambaa kila mahali. Mstari ukianza kwenye nati ya bomba la kuingizia, ni washa ya shaba au ya faiba iliyochoka. Badilisha, usikaze zaidi. Ukizunguka mshono wa bakuli na kifuniko, ni gasketi iliyosinyaa au petroli iliyopanda kupita kiasi. Solex ya Volkswagen Kobe ina kifuniko cha pembeni cha pampu inayoongeza petroli unapokanyaga mafuta. Kiwambo chake kikikauka, chaki ya pale ndiyo italoa. Na ukiona petroli inadondoka ndani ya koo la kabureta injini ikiwa imezimwa, au inatoka kwenye ncha za mhimili wa kipepeo, basi ni sindano na boya. Ncha za mhimili huvuja kwa sababu koo limefurika. Kuzihangaikia zenyewe ni kupoteza siku.

Kabureta nyingi za Aisin kwenye Toyota za zamani zina dirisha dogo la kioo ubavuni mwa bakuli lenye alama. Petroli ikisimama kwenye alama gari likiwa tambarare, boya na sindano ni vizima na huna sababu ya kufungua. Nashangaa ni mafundi wangapi wanaifungua kwanza ndipo wanauliza dirisha ni la nini. Kioo hicho nacho kina mpira wake, na unaweza kuvuja.

Ukifungua, fungulia juu ya sinia jeupe, kwa sababu visehemu ni vidogo na majani ya Uluguru hayarudishi kinachoangukia humo. Shika sindano karibu na mwanga. Kwenye ncha yake tafuta mstari wa duara, pale ilipokuwa ikikutana na mlango. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, sindano imekwisha, na kuisugua kwa msasa hakutaifufua, kwa sababu utaifanya isiwe duara tena. Yenye ncha ya mpira huwa inaonekana nzuri, lakini ukiibonyeza kwa ukucha unaiona imekuwa ngumu kama mfupa. Hiyo nayo ni ya kutupa. Badilisha sindano pamoja na mlango wake, na usisahau washa iliyo chini ya mlango. Washa ikivuja, petroli inapita pembeni ya sindano nzima kabisa na kila mtu atailaumu sindano. Unene wa washa hiyo pia ndio unaopanga kimo cha petroli, basi weka yenye unene uleule.

Boya la shaba litikise sikioni. Likisikika na petroli ndani, limetoboka. Litumbukize kwenye maji ya moto yaliyotolewa mbali na jiko, tundu litajionyesha kwa mapovu. Lazima petroli yote ya ndani itoke kabla ya kulehemu kwa risasi, na risasi iwe kidogo mno, kwani boya zito huelea chini na kufanya petroli ipande. Mimi ningependa boya jipya likipatikana. Gerezani, Dar es Salaam, bado kuna wauzaji wa spea wanaoweka vifurushi vya sindano, gasketi na viwambo vya kabureta hizi. Nenda na kabureta yenyewe au namba iliyochongwa ubavuni, si na maelezo ya mdomo.

Gasketi inaweza kukatwa kwa karatasi ya gasketi, ila si kwa boksi la sabuni. Na hapa naomba kwa dhati: usipake silikoni. Silikoni ya kawaida ya gereji inavimba na kumeguka ndani ya petroli, vipande vinaingia kwenye jeti, na gari litakufia kwenye kona za Langali likiwa na abiria na kabichi. Kama mshono hauzibi kwa gasketi mpya, uso umepinda, na mara nyingi umepindishwa na fundi aliyekaza skrubu kupita kiasi. Zenith 36IV ya Land Rover inajulikana kwa ugonjwa huo; tena ina oringi ndogo ndani, ambayo ikikauka petroli hufyonzwa isivyotakiwa na injini hula mafuta. Dawa ya uso uliopinda ni kioo cha dirisha na msasa laini wenye maji. Chora uso mzima kwa penseli, uuzungushe juu ya msasa taratibu, kisha utazame: penseli ilipobaki ndipo penye bonde. Endelea hadi penseli ifutike kote. Osha vizuri, kausha kwa upepo, funga skrubu kwa kupishana pembe, kwa mkono wa kiasi.

Kuna mvujo mmoja ambao sindano mpya haiutibu. Pampu ya asili ikifa, wapo wanaofunga pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la kisasa la sindano za kompyuta. Kabureta ya zamani inataka shinikizo la pauni 2 hadi 5 hivi kwa inchi ya mraba. Pampu ile inaweza kutoa 35 na zaidi. Hakuna boya litakalohimili hapo. Tumia pampu ya umeme iliyotengenezwa kwa kabureta, au ufufue ile ya asili kwa kiwambo kipya.

Kujaza mara ya kwanza kufanywe bila moto wa plagi. Pampu ya Land Rover za zamani ina kijiti cha kupampu kwa mkono. Pampu taratibu hadi ukisikie kinalegea, maana yake bakuli limejaa na sindano imefunga. Pasipo kijiti hicho, chomoa waya wa koili, zungusha stata kwa vipindi vifupi. Kisha subiri dakika kumi ukitazama chaki. Ikibaki kavu, washa, liache lishike sailensa hadi lipate joto, zima, tazama tena. Petroli ikionekana dakika chache baada ya kuzima injini ya moto tu, na si wakati mwingine, huenda inachemka ndani ya bakuli. Angalia kama kizuizi cha joto chini ya kabureta kiliondolewa na mtu zamani.

Mtihani wa mwisho ni mlima, na ndio unaotofautisha gari la Morogoro na la Dodoma. Gari likiinua pua, petroli kwenye bakuli inarudi nyuma, na kimo ambacho Kihonda kilikuwa sawasawa kinaweza kufurika ukipanda kuelekea Boma. Anza na kilima kifupi cha mjini kabla ya kuelekea Nyandira, simama katikati ya mwinuko, fungua boneti. Ikimwaga hapo tu, shusha kimo cha boya kidogo kwa ulimi wake, kwa nyongeza ndogondogo, na upime upya kwenye tambarare. Ukifika juu ya mita 1,500 ukaona injini inatoa moshi mweusi kidogo na kunuka petroli bila tone lolote, huo si mvujo. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi. Kule juu hewa ni nyepesi na mchanganyiko unazidi petroli. Usiguse boya kwa sababu hiyo.

Petroli mbovu uliyoitoa isimwagwe shambani wala mtoni, na kabureta isioshewe kijitoni hata kama maji yako karibu na kompresa iko mbali. Ruvu inaanzia kwenye milima hii na inanywewa hadi Dar es Salaam. Ngerengere inaingia bwawa la Mindu, na Mindu ndiyo inayojaza mabomba ya Morogoro. Petroli hiyo iweke kwenye dumu la chuma lenye mfuniko, uipeleke gereji mjini. Fundi ataitumia kuoshea vyuma.

Na kama gari litarudi kulala, njia nzuri ni kuliendesha kila mwezi hadi lipate joto kamili, si kuliwasha dakika tano bandani. Pasipo mtu wa kufanya hivyo, jaza tangi hadi juu ili maji yasipate nafasi, funga njia ya petroli kabla ya kabureta, acha injini iungue hadi izimike, kisha fungua nati ya chini ya bakuli na umwage kilichobaki. Funga wavu mwembamba wa waya kwenye tundu la kupumulia dhidi ya nyigu. Andika tarehe kwenye karatasi uifunge kwenye usukani, pamoja na maneno kwamba bakuli ni tupu na mipira ikaguliwe, ili atakayekuja na betri mpya ayasome kabla hajapiga stata.